Kahoma Kako Si Kadogo kwa Kila Mtu

Wasee, leo sina mzaha.

Mamangu anaishi Molo, na Julai kule baridi haina huruma. Kila baada ya wiki tatu anashuka Nakuru kwa kemo. Mimi ndiye humsindikiza, maana tangu niache chuo ratiba yangu iko huru.

Siku moja tukirudi, jamaa wa kiti cha nyuma alikohoa njia nzima, madirisha ya matatu yote yamefungwa. Nilimkemea hadi konda akaingilia kati. Nikajiona shujaa.

Siku tano baadaye nilimtembelea mathe nikitoka kushuti video mjini. Kamasi zinatiririka, koo linawasha. Nikajiambia, ni kahoma tu. Tukakaa jikoni, tukanywa chai, tukacheka.

Baada ya siku nne joto lake lilifika 38.4, usiku wa manane. Alilazwa siku sita, akiwekewa oksijeni. Daktari aliniuliza swali moja: "Nani nyumbani alikuwa na homa?"

Nilitazama sakafu.

Nilichoelezwa ni hiki. Kemo huua seli zinazogawanyika haraka. Za saratani zinakufa, lakini pia zile za uboho wa mifupa zinazotengeneza chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mara nyingi askari hao huwa wachache kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Virusi vinavyonipa mimi kamasi za siku tatu vinaweza kushuka hadi mapafuni mwake na kuleta nimonia. Na kwake, joto la 38 si la kumeza Panadol ukingoje asubuhi. Ni hospitali usiku huo huo.

2020 sote tulijua haya. Barakoa, kunawa mikono, hata mama mboga alikuwa na mtungi wa maji na sabuni. Tuliamua yameisha. Kwa mtu aliye kwa kemo, hayajaisha.

Siku hizi nikiwa na homa sivuki mlango wake, napiga simu. Kwenye matatu tunavaa barakoa na kuketi kando ya dirisha likiwa wazi kidogo, baridi tutavumilia. Pia tulimuuliza daktari kuhusu chanjo ya mafua, yake na yetu tunaomkaribia.

Na wewe jamaa wa kiti cha nyuma, kama unasoma hii, pole. Wewe hukujua umekaa nyuma ya nani. Mimi nilijua.