Kuta za Kalenga



Wengi hutamani kwenda Ulaya kuiona miji ya kale iliyozungukwa na kuta. Sisi wa Ilembula tunao mji wa namna hiyo jirani. Ukipita Makambako na Mafinga hadi Iringa, kisha ukashika njia ya Ruaha, utafika Kalenga, yalikokuwa makao ya Mtwa Mkwawa.

Mwezi Agosti 1891 askari wake walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo. Mkwawa akaitumainia ngome yake ya mawe. Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka kwa mizinga. Yeye aliponyoka, akaendelea kupigana porini hadi alipojiua kwa risasi mwaka 1898. Fuvu lake, lililorudishwa mwaka 1954, nimeliona katika makumbusho ya pale. Ya ukuta, yamebaki mabaki machache tu.

Nikiwa mbele ya fuvu lile niliwaza kwamba majeshi ya Wahehe yaliwahi kuwashambulia Wabena, mababu wa wengi wetu. Ukuta uliowapa usalama waliokuwa ndani uliwatia hofu waliokuwa nje. Leo Mhehe na Mbena wanaoana, wanazikana, wanaketi benchi moja kanisani.

Basi, ndugu yangu, kama jamaa hao wamepatana, ukuta ulio kati yako na jirani yako juu ya mpaka wa shamba unalinda nini? Kabla ya Dominika ijayo, nenda ukapige hodi.