ALIMWACHIA DEMU WAKE ASHINDE CHESI, KILICHOFUATA...

Jamaa wa Sinza kacheza chesi tangu sekondari. Mrembo wake kaijua mwaka jana tu, na yeye ndiye aliyemfundisha. Kila Jumapili jioni wanacheza kwenye simu, kila mtu na yake, na kila Jumapili mrembo anapigwa. Jamani, hata Simba na Yanga huwa wanapokezana!

Juzi kati mambo yakageuka. Mrembo akamla malkia, na baadaye mfalme wa jamaa akakosa pa kukimbilia. Dada wa watu kelele mpaka kwa jirani, akatupia status: "Mwalimu kakalishwa!" Mama yake akapiga simu kumpongeza, na mama mwenyewe hajui hata farasi anatembeaje.

Usiku akaurudia mchezo aone ushujaa wake, maana programu inahifadhi kila hatua. Akakuta jamaa alikuwa amebakiza hatua moja tu amalize kazi. Hakuicheza. Akampeleka malkia wake mwenyewe mdomoni kwa farasi. Mtu wa miaka yote hiyo haoni hilo? Labda awe amelewa, na jamaa hanywi.

Status ikafutwa.

"Ulinionea huruma?"

"Nilichoka kukuona umenuna, babe."

"Sikununa. Nilikuwa nafikiria."

Siku nne simu hazipokelewi. Ya tano mrembo akamtumia video ya 2014, Magnus Carlsen akimmaliza Bill Gates kwa hatua 9 kwenye runinga. Carlsen alikuwa na sekunde 30, Gates dakika 2, na kila mtu alijua hivyo kabla hawajaanza. Chini akaandika: "Bilionea hakubembelezwa. Mimi nani?"

Jamaa akaelewa. Jumapili iliyofuata wakakubaliana mapema: yeye dakika 1, mrembo dakika 10. Mchezo wa kwanza mrembo kapigwa. Wa pili kapigwa vibaya zaidi, askofu wote wawili wameliwa kizembe. Wa tatu saa ya jamaa ikaisha huku amembana mfalme wa mrembo kwenye kona.

Safari hii hakuna kelele. Mrembo alikaa kimya, akaurudisha mchezo mwanzo, akaukagua hatua moja moja, jamaa kakaa pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Alipofika mwisho akapiga skrinshoti.

"Kanunue chipsi," akamwambia. "Na hela ni yako."