Kimia cha Nchi Kavu

Mjini Nakuru, mpenzi wa kandanda na mpenzi wa vitabu aghalabu huhesabiwa kuwa watu wawili tofauti. Mmoja hutafutwa uwanjani Afraha, mwingine maktabani. Akitokea mtu mwenye mapenzi yote mawili, huulizwa ni lipi la dhati na lipi la kupitishia wakati. Swali hili limemwandama kijana mmoja wa mtaa wa Kaptembwo tangu sekondari hadi shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Alipodokeza kuwa angependa kuitafiti lugha ya kurasa za michezo, mwenzake mmoja alimshauri aachane na mzaha, atafute diwani ya maana.

Mwenzake huyo hakujua kwamba alikuwa akimkana mwalimu wa kwanza wa kijana yule. Kabla ya diwani yoyote kulikuwa na Taifa Leo la Jumatatu. Babake alilisoma kuanzia ukurasa wa nyuma, kisha akampa mwanawe amsomee kwa sauti habari za Gor Mahia na AFC Leopards. Humo ndimo mtoto alimokutana na straika aliyetia mpira kimiani. Kwake neno hilo lilikuwa goli, basi. Ingekuwaje vinginevyo? Ziwa la mji wake ni la magadi, na sifa yake ulimwenguni ni heroe, si samaki. Miaka mingi baadaye, akiwa na kamusi mkononi, alitambua kuwa kimia ni wavu wa mvuvi, ule unaorushwa majini ukafunguka kama mwavuli. Mvuvi wa pwani alikuwa amesafiri hadi Bonde la Ufa kwa nauli ya gazeti, na hakuna aliyemwona akishuka.

Tangu hapo hakuisoma tena taarifa ya mechi kwa jicho lile la awali. Mchezaji aliyeotea amekosea kwa kufanya jambo la mwindaji: amejibanza mahali akimvizia mnyama. Kufumania nyavu kuna harufu ya fumanizi, la mtu aliyekutwa pasipomstahili. Gozi ni ngozi iliyokuzwa, na lango analolilinda kipa linakumbusha mji wenye ukuta. Uvuvi, uwindaji, ndoa na vita, vyote vimo katika dakika 90, na vilitiwa humo na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuitwa washairi. Ni kweli kwamba kurasa hizo zina misemo iliyochakaa. Kila mchuano ni wa kukata na shoka, na kila timu inayofungwa imepigwa kipigo cha mbwa koko. Lakini diwani nazo zina machakavu yake, na hakuna anayezifungia nje ya darasa.

Babake naye alikuwa na shule yake, redio. Katika enzi za Sauti ya Kenya alimsikiliza Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, akitangaza mpira, na uwanja mzima ukajengeka vichwani mwa watu walioketi kuzunguka kisanduku kimoja. Msikilizaji alilazimika kuuona mpira usiokuwepo, kazi ile ile aifanyayo msomaji wa riwaya. Mzee huyo hajamaliza riwaya hata moja maishani mwake, ila akihadithia bao husogeza vikombe mezani mpaka kila mchezaji apate nafasi yake. Kutoka kwa babake yeye alirithi habari za Nakuru All Stars, mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963, waliolitwaa taji tena mwaka 1969. Huzihadithia kana kwamba alikuwapo.

Kilichomfanya kijana afungue daftari lake mwenyewe ni kisa cha mchezo mwingine kabisa. Mwaka 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani. Mwaka mmoja kabla yao, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza. Alitaka kukiandika kisa hicho kwa Kiswahili, akakwama. Mrushaji alimpata, na mpigaji pia. Lakini pigo linalouvusha mpira nje ya ua, mpigaji akazunguka vituo vyote mpaka alipoanzia, linaitwaje? Kandanda ilipata wavuvi na wawindaji wake kwa sababu watu waliipenda kwa Kiswahili, mwaka baada ya mwaka. Besiboli bado haijapendwa hivyo. Kila istilahi aliyoiunda mezani ilisomeka kama tafsiri ya barua ya serikali.

Pendekezo la tasnifu liko kwa msimamizi wake hadi sasa. Daftari halikungoja. Jioni moja alikwenda kuketi kando ya uwanja wa shule ya msingi jirani, ambako wasichana hucheza raunda, mchezo ulio binamu wa besiboli, wakikimbia kutoka kituo hadi kituo. Alisikiliza wanavyoitana, wanavyobishana na wanavyodai haki zao. Alirudi na maneno manne: moja la Kikuyu, mawili ya Kiingereza yaliyokwisha kulainishwa na vinywa vya Waswahili wa bara, na la nne ambalo wasichana wenyewe hawakukubaliana maana yake. Ameyaandika yote, na mbele ya lile la nne ameacha mistari mitatu mitupu.