Iringa, nyumba nyekundu na ukuta mweupe wa dada

Basi la Dar es Salaam kwenda Iringa hukata karibu kilomita 500. Ukishapita Mikumi na watoto wakachoka kuhesabu pundamilia dirishani, ukafika Ruaha Mbuyuni na kununua vitunguu vyako, gari linaanza kukwea Kitonga taratibu. Juu ya mlima hewa inabadilika, na wenye watoto wanatoa masweta kwenye mabegi.

Nyumba nazo zinabadilika. Tofali za saruji tulizozoea Pwani zinapungua, unaanza kuona nyumba nyekundu za matofali ya kuchoma. Kando ya mashamba kuna matanuru: udongo uliofyatuliwa, ukakaushwa, ukapangwa juu kama kichuguu, kisha ukachomwa kwa kuni. Mtu wa Iringa anaweza kujenga kwa udongo wa uwanja wake mwenyewe.

Huko ndiko anakoishi dada yangu, na mwaka jana nilimharibia ukuta.

Nilimtumia picha niliyoikuta kwenye simu. Ilikuwa sebule ya Ulaya, ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu umepakwa rangi nyeupe, na mbele yake kochi la kijivu na ua kwenye chungu. Nikamwandikia: “Dada, wewe matofali unayo tayari, kilichobaki ni rangi.” Hela ya rangi nikatuma mimi. Nikasisitiza anunue ya mafuta, kwa sababu ana mtoto mdogo na ile hufutika kwa kitambaa.

Julai hii nikaenda kuuona. “Kamwene!” dada alinipokea mlangoni, akanivuta moja kwa moja sebuleni. Ukweli ni kwamba ukiwa mlangoni ulipendeza. Chumba ambacho nilikijua kina giza kilikuwa kimefunguka, na mistari ya matofali ilionekana vizuri chini ya weupe ule. Alikuwa ametundika kikapu cha ukindu na picha ya harusi yao, basi.

Jioni, nikiwa nimekaa mkekani na mtoto, ndipo nilipouona upande wa chini. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na mahali pengine imebanduka. Chini ya nyeupe palikuwa na kijani kikali cha mwenye nyumba wa zamani. Mtoto, mwaka mmoja na miezi minane, alinyoosha kidole, akabandua gamba, akatia mdomoni.

Dada akacheka. “Huyo kila kitu ni chakula, mdogo wangu.”

Mimi sikucheka. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na niliwahi kuandika kuhusu madini ya risasi kwenye rangi. Risasi iliwekwa kwenye rangi za mafuta miaka mingi ili zing’ae na zikauke haraka, na hasa ili kupata njano, nyekundu na kijani kikali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo huathiri ubongo unaokua: kujifunza, kutulia, kusikia. Mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Na mtoto hufyonza risasi nyingi zaidi kuliko mtu mzima aliyeimeza kiasi hicho hicho.

Ile ya kijani hakuna aliyejua ni ya mwaka gani, wala kopo lake lilisemaje. Nilimuuliza dada kama kabla ya kupaka waliukwangua ukuta. “Tuliupiga msasa siku nzima,” akasema. “Vumbi lilikuwa hadi kwenye masufuria.” Mtoto alikuwa mgongoni kwake.

Usiku ule nilimweleza. Alinyamaza, kisha akauliza swali moja: “Kwa nini hukuniambia mwaka jana?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeangalia picha, sikuangalia ukuta.

Asubuhi alikuja fundi, mzee aliyejenga nyumba nyingi mtaani kwao. Alipapasa matofali, akakwaruza unga mweupe uliotokeza kwenye kona. “Hii ni chumvi,” akasema. “Maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Tofali la kuchoma linakunywa maji, halafu linayatoa. Nyie mmelivika nailoni.” Akatutoa nje akatuonyesha: maji ya bati yalikuwa yanamwagikia pale pale ukutani, na udongo wa bustani ulikuwa umerundikwa juu ya msingi.

Kazi ikaanza nje. Udongo uliondolewa, mfereji ukachimbwa, bati likawekewa mchirizi. Ndani, dada na mtoto wakahamia kwa jirani kwa siku tatu. Niliomba fundi asiguse msasa mkavu. Ukuta ulilowanishwa kwanza, ukakwanguliwa ukiwa mbichi ili vumbi lisiruke, naye amevaa barakoa. Magamba yaliangukia kwenye turubai, tukayafunga kwenye mfuko. Hatukuyachoma, maana moshi wake nao una madhara. Sakafu tulifuta kwa kitambaa kibichi mara kadhaa, hatukufagia. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Baada ya wiki kadhaa za kukauka, ukuta ukapakwa chokaa. Ni kitu kile kile kilichong’arisha nyumba za Pwani kwa karne nyingi: mawe ya chokaa au matumbawe huchomwa, yakazimwa kwa maji. Ikikaa ukutani chokaa huvuta hewa ukaa na kurudi kuwa kama jiwe, lakini tofali linaendelea kupumua. Hupakwa nyepesi kama maziwa, juu ya tofali lililoloweshwa, mara tatu au nne. Tahadhari, mzazi: chokaa mbichi huunguza ngozi na macho. Vaa glavu, na mtoto asiwe karibu.

Kama unataka kujaribu kwako, tazama kwanza miguu ya ukuta. Ukiona unyevu, unga mweupe au harufu ya ukungu, tibu maji kabla ya kununua rangi. Ukikuta rangi kuukuu usiyoijua, ihesabu kuwa ina risasi. Na unaponunua mpya, soma kopo. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni. Kama kopo halisemi kitu, muulize muuzaji.

Mtoto tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima wingi wa damu, akaukuta sawa. Akatushauri asikose vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kwa sababu mwili wenye upungufu wa hayo hufyonza risasi zaidi. Maharage, mboga za majani, dagaa na maziwa yapo tele Iringa. Kipimo cha risasi yenyewe hakikuwepo pale, ikabidi damu ipelekwe mbali. Majibu bado hatujayapata.

Juzi dada alinitumia picha. Ukuta mpya haung’ai kama ule wa mwanzo, na ukiuegemea unakuachia weupe mgongoni. Mtoto amekaa mbele yake na kikombe cha uji, shati lake lina alama nyeupe mabegani. Chini ameandika: “Mama mdogo, ukituma picha nyingine ya sebule, njoo nayo mwenyewe.”

Nitakwenda majibu yakitoka.