Ajali Haina Kinga?

Siku alipozikwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, waombolezaji waliinamisha vichwa na kunong'ona: ajali haina kinga. Neno ajali, katika asili yake ya Kiarabu, ni muda aliokwisha kuandikiwa mtu. Lakini marehemu alitoka baa usiku wa manane, ufunguo wa gari mkononi. Wenzake wanne wakapanda huku wakimwona akiyumba. Hapo aliyeandika ni nani? Pombe huzubaisha macho na mikono, kisha humzidishia mnywaji ujasiri. Nchini Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliagiza baa zifungwe saa tano usiku. Alkoblo ya polisi ikafuata mwaka 2013. Basi kinga ipo. Ya kwanza ni rafiki athubutuye kusema: "Lete ufunguo." Usiku ule, wote wanne walinyamaza.