Mzigo mmoja kwa safari moja

Wadau, leo naandika kutoka Tunduma, penye foleni ya malori yanayovuka kwenda Nakonde. Lori lenye mzigo wa aina moja ni rahisi kulikagua. Ukichanganya sabuni, vitenge na vipuri, kila kitu kinadai maelezo yake. Kikikwama kimoja, lori zima linalala.

Nawaza vijana wetu wanaochangia programu huria. Njia tunayo: OpenOffice ya Kiswahili, Jambo, ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Lakini ukirekebisha kosa la tarehe, usibadilishe hapo hapo majina ya faili na mpangilio wa mistari. Rekebisha hilo tu, lijaribu, soma mabadiliko yako mstari kwa mstari, kisha eleza kwa kifupi kwa nini umeyafanya. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, inakuwezesha kuchagua hata kipande cha faili.

Anayekagua mara nyingi ni mtu wa kujitolea, amechoka na kazi za mchana. Akikuta lundo ataliweka kando, nawe utadhani amekudharau kwa sababu unatoka Songwe. Tusimpe kisingizio. Au mnasemaje?