Tuta Lililo Mbele ya Kanisa

Mwaka jana nilipofanywa mkuu wa bustani ya shule nilijiona bwana mkubwa. Siku ya kuwaaga wanaomaliza, mwisho wa Novemba, huja wazazi na wanafunzi wa zamani, nami nikamwahidi Padre Mkuu kwamba siku hiyo tuta refu lililo mbele ya kanisa litajaa maua ya manjano na mekundu.

Ujasiri huo niliutoa katika kitabu cha Kiingereza. Kilisema kwamba Oktoba na Novemba, majani ya miti ya Uingereza yakigeuka rangi na kupukutika, na maua mengi yakiwa yamekwisha, krisanthemamu ndizo hupamba bustani. Nilipotafuta jina la majira hayo katika kamusi nikakuta “vuli”. Lakini vuli ya watu wa pwani ni mvua za mwisho wa mwaka, na hapa kwetu Uganda nako mvua hunyesha miezi ile ile. Ningalitulia hapo nikafikiri. Sikutulia.

Mzee anayetunza bustani yetu aliniambia, “Mwanangu, panda kana na dalia. Na hizo zako, kama lazima, usizipande sasa. Ngoja.” Nikamjibu kwamba kitabu kinasema zipandwe mapema zipate kukua. Akanyamaza. Nikamaliza fedha zote za bustani kwa miche, tukapanda mwanzo wa Juni.

Julai haijaisha, matumba yakatoka, na miche haijafika hata magotini. Maua yakachanua mwezi wa Agosti, wakati wa likizo, shule tupu. Niliporudi Septemba nilikuta vichwa vya kahawia vimeinama. Fedha zile zilikuwa michango ya wenzangu. Siku mbili nzima nilipita njia ya nyuma ili nisikutane na Padre Mkuu.

Mwalimu wa Biolojia ndiye aliyenifumbua macho. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, walionyesha kwamba mimea mingi huchanua kwa kufuata urefu wa mchana na usiku. Krisanthemamu hungoja usiku mrefu. Kule London mchana wa Juni hupita saa kumi na sita, basi mmea hukua majani tu mpaka siku zipungue. Kwetu, karibu na Ikweta, usiku ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima; mche hauna cha kungoja. Kumbe ndiyo sababu mashamba ya maua huku kwetu huwasha taa usiku, kuudanganya mmea usichanue!

Nikamwendea Mzee. “Nisamehe, Mzee.” Hakusema neno, akanipa mkasi. Tukakata kila shina, tukabakiza kiasi cha shubiri moja juu ya udongo, tukatia samadi. Kisha akahesabu vidole vyake vyote kumi: wiki kumi. Yeye hakuwa amesoma habari za Garner.

Machipukizi yalitoka, ila miche mingi ilikuwa imekufa, na mapengo yalionekana tangu barabarani. Asubuhi moja nikakuta Mzee ameyajaza kana zake nyekundu, bila kuniuliza.

Siku ya kuaga krisanthemamu zilikuwa wazi, za manjano, katikati ya kana. Padre Mkuu akauliza ni nani aliyechagua rangi zile. Nikageuka nimwonyeshe Mzee, lakini alikuwa amekwisha kwenda kisimani na ndoo zake.